Kamba ya Mungu na Kamba ya Winchi

Winchi ya mchimbaji mdogo ni rahisi kuieleza. Miti miwili yenye panda husimikwa, mmoja kila upande wa mdomo wa duara, yaani shimo la mchimbaji, gogo likalazwa juu ya panda hizo, na ncha za gogo zikatiwa mikono ya kuzungushia. Kamba huviringwa kwenye gogo, na mwisho wake hufungwa kijiti cha kukalia au kitanzi cha kupitisha mguu. Kifaa cha namna hii, kwa tofauti ndogo ndogo, utakikuta Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, na utakikuta Kahama upande wa Shinyanga. Kinapandisha mifuko ya mawe kutwa nzima, na kinapandisha watu pia. Anayeshuka hukaa kwenye kijiti, hukamata kamba kwa mikono miwili, tochi ikiwa kichwani, kisha huachia ardhi. Kuanzia hapo uzito wake wote umebebwa na vitu ambavyo hakuvitengeneza: fundo alilolifunga mwingine, gogo alilolikata mwingine, na mabega ya watu wawili ambao huenda wameianza siku bila chai. Swali ninalotaka kulifuata linaanzia hapo mguu unapoacha ardhi. Mtu huyu anaamini nini, na anamwamini nani? Na siku kamba ikikatika, sisi tuliobaki juu tuna haki gani ya kumtaja Mungu?

Kwa kawaida tunamtaja upesi. Misiba ya machimboni ina maneno yake mawili yaliyozoeleka: ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa. La kwanza hupendwa na wenye kujibu maswali, la pili hupendwa na wenye kufariji, na mara nyingi yote mawili hutoka kinywa kimoja kabla turubai la matanga halijakunjwa. Sina ugomvi na mama aliyefiwa anayejishikiza kwenye neno la pili. Mwenye jeraha hapangiwi namna ya kulia. Ugomvi wangu unaanza neno hilo linapotoka kwa mtu aliyekuwa na wajibu wa kuikagua kamba. Kinywani mwake neno la ibada hugeuka hati ya kufuta deni. Hoja yangu ni kwamba kamba ya winchi ni amana, kwamba kila amana ina mtu aliyeishika, na kwamba mtu huyo hana ruhusa, kwa dini yoyote inayoheshimiwa katika ukanda huu, kumhamishia Mungu deni lake.

Tuanze na kamba yenyewe, maana wengi wanaozungumzia kudra hawajapata kuitazama kwa karibu. Kamba, iwe ya katani au ya nailoni, haifi ghafla. Adui yake wa kwanza ni ukingo wa duara. Kila mfuko unapopanda, kamba husugua jiwe au mti mahali pale pale, nyuzi za nje zikakatika moja moja hadi kamba ikaota manyoya. Tope linalopanda nalo limejaa chembe za jiwe gumu jeupe, lile lile linalobeba dhahabu. Chembe hizo huzama katikati ya nyuzi, na kila kamba inapojipinda kwenye gogo hukata kwa ndani, mahali jicho halifiki. Jua huila nailoni polepole. Unyevu huiozesha katani. Halafu kuna fundo. Fundo lolote huipunguzia kamba nguvu, mengine kwa theluthi, mengine kwa karibu nusu, kwa sababu kwenye kona kali nyuzi za upande mmoja hubeba mzigo wote na za upande wa pili hulegea. Kamba iliyokatika jana ikaungwa kwa fundo leo imerudi kazini ikiwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya kukatika, na fundo lenyewe ndilo litakalogonga ukingo kila mzunguko. Haya yote yanajulikana kwa mkono. Mtu akiipitisha kamba nzima kiganjani asubuhi, bila haraka, kiganja kitamwambia: hapa imekonda, hapa imekakamaa kama waya, hapa imelegea kama kitambaa kibovu. Kamba hukatikia pembamba, walisema wahenga, na kabla hatujaitafutia methali hiyo mafumbo, maana yake ya wazi ni kwamba pembamba palikuwepo tangu jana.

Wapo watu duniani wanaoshuka mashimo marefu kwa kupenda tu, bila kutafuta hata chembe ya dhahabu. Mapangoni Ulaya, kwenye milima ya chokaa, hushuka mamia ya mita kwa kamba moja nyembamba kuliko kidole gumba. Kanuni zao zinafaa kusomwa na mtu wa dini. Kamba hutundikwa kwenye nanga mbili zilizopigiliwa mwambani, ili moja ikinyofoka ya pili ipokee. Hupangwa isiguse jiwe. Ikilazimika kugusa, hutandikiwa kitu laini au huanzishwa upya kwenye nanga nyingine chini ya ukingo. Ncha yake ya chini hufungwa fundo, ili anayeteremka gizani asije akaishiwa na kamba angali hewani. Hakuna anayethubutu kuikanyaga, kwa sababu kiatu huingiza mchanga. Anayefika chini hupaza sauti kwamba kamba iko huru, na hapo ndipo wa pili huanza. Kwa mtazamo wa juu juu kila kanuni ni ungamo la kutoamini: siiamini nanga, siuamini ukingo, sijiamini mwenyewe. Mimi naziona kinyume chake. Zinakiri jambo ambalo dini zetu zinalikiri kila siku, kwamba binadamu hukosea na jiwe hunyofoka. Anayeshuka kwa nanga moja huku akisema Mungu yupo amejipa sifa ya kutokosea, kisha akaibandika jina la Mungu.

Maandiko yenyewe yako upande huu, na ni ajabu jinsi yanavyosomwa kama kwamba hayako. Katika mapokeo ya Kiislamu, mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wa Tirmidhi, na kwa lugha ya Geita ngamia ni kamba. Katika Injili, Ibilisi anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumshawishi ajitupe, kwa kuwa malaika wameahidiwa kumdaka. Ahadi ilikuwepo, na haikuwa ya uongo. Yesu alikataa kwa sababu kujitupa ni kumjaribu Mungu. Nikiisoma sura hiyo nikiwa na winchi akilini naona mstari mwembamba sana kati ya kuamini na kujaribu: anayekagua kamba kisha akashuka anaamini, anayeshuka kwa kamba aliyoiona imekonda anajaribu, na anayemshusha mwenzake kwa kamba hiyo anamjaribu Mungu kwa shingo isiyokuwa yake.

Hapo huja hoja ya kudra: yote yameandikwa, siku ikifika imefika, hata kamba mpya ingekatika. Hoja hii ni ya zamani na jibu lake ni la zamani vilevile. Khalifa Umar bin Khattab, akiwa njiani kwenda Shamu, alipata habari kwamba kuna tauni, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba anaitoka kudra ya Mungu kuiendea kudra ya Mungu, kisha akampa mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: kokote atakakolisha, atakuwa amelisha kwa kudra. Kwa mantiki hiyo, kamba mpya imo ndani ya kudra sawasawa na kamba mbovu, na mkono unaoibadilisha umo humo pia. Anayesema kudra imemfunga asibadilishe kamba ameipunguza kudra. Ameifanya iweze kukata nyuzi lakini isiweze kuinua mkono wa mwenye duara ukafungua mfuko wa fedha. (Nimeona pia kwamba hakuna anayeitumia hoja hii kwenye mizani. Dhahabu haiachiwi kudra hata nukta moja ya gramu.)

Nimesema kamba ni amana. Neno hili lina uzito kuliko wajibu wa kawaida, kwa sababu ya namna nguvu zinavyogawanyika pale duarani. Aliye juu anaiona kamba, gogo, mawingu ya mvua na watu wanaokuja. Aliye chini haoni kitu nje ya duara la mwanga wa tochi yake. Njia yake huko ndani, akifuata mwamba wenye dhahabu unakokwenda, inapanda, inashuka, inabana hadi atambae, na hujulikana zaidi kwa mkono kuliko kwa jicho: pembe hii ya jiwe kushoto, timba lile la kuzuia ukuta lililopasuka, kisha hewa kidogo ya ubaridi inayosema mdomo uko karibu. Wakati mwingine njia yake hukutana na njia ya duara jingine, mkutano ambao kule machimboni Mererani huitwa mtobozano, na hapo hata ramani ya kichwani humpotea. Uhusiano wake na dunia ya juu ni sauti na kamba. Hawezi kuikagua kamba akiwa ananing'inia. Imani yake, kwa hiyo, si fadhila anayoweza kujisifia. Hana chaguo jingine. Fadhila, au dhambi, iko juu. Ndiyo maana naona tumezoea kuhubiri upande usio sahihi wa winchi. Tunamhimiza anayeshuka awe na imani, ilhali yeye imani ameshaitoa yote, kilo sitini na tano za imani. Anayehitaji mahubiri ni aliyeshika mkono wa gogo, na nyuma yake mwenye duara, na nyuma yake mwenye leseni. Kurani, katika Sura ya Nisaa, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Duarani amana ni mtu mzima, na kumrudisha ni kumpandisha. Sura ya Al Imran nayo inawaita waumini washikamane na kamba ya Mungu wote kwa pamoja. Wafasiri wameifasiri kamba hiyo kuwa Kitabu, au dini, au umoja wa jamaa. Kinachonivutia ni lile sharti la pamoja: hata kwenye sitiari, kamba hiyo imeshikwa na wengi.

Torati ni kali zaidi. Katika Kutoka, sura ya 21, mtu akifukua shimo asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Haiulizwi kama alikusudia. Haiulizwi kama siku ya punda ilikuwa imefika. Aliyefungua ardhi anawajibika kwa kinywa alichokifungua, na kama ni hivyo kwa punda, sioni ni kwa hesabu gani binadamu atoke bure.

Lakini kuna pingamizi zito kutoka ndani ya Uislamu wenyewe, na si haki kulipita kimya. Katika Bukhari na Muslim imo hadithi inayosema kwamba madhara ya kisima hayana fidia na madhara ya mgodi hayana fidia, na papo hapo inaweka khumsi, sehemu moja ya tano, kwa hazina iliyozikwa ardhini. Mwenye duara aliyesoma kidogo anaweza kuishika hadithi hiyo na kuondoka msibani akiwa mwepesi. Wanazuoni wa fiqhi hawakuielewa hivyo. Walieleza kwamba inamhusu mtu aliyechimba kwa haki, mahali anaporuhusiwa, akamwajiri mtu mzima mwenye akili kwa ujira, kisha ardhi ikaporomoka bila uzembe wa mwajiri. Huyo halipi diya kwa sababu hakuua. Aliyechimba njiani wanakopita watu, au aliyesababisha madhara kwa kuvuka mipaka, yuko nje ya msamaha huo. Kwa maneno mengine, hadithi inafuta fidia pale ambapo kinga ilikuwepo na ajali ikaipita kinga. Inakiri kwamba ajali za kweli zipo, jambo ambalo nami nalikubali: mwamba unaweza kuteleza juu ya matimba yaliyofungwa vizuri. Kamba iliyoota manyoya haimo katika fungu hilo. Na nitakiri jambo jingine: vifo vya wengi kwa mpigo katika ukanda wetu huletwa zaidi na kifusi na maji kuliko na kamba. Nimeichagua kamba kwa sababu inaonyesha waziwazi kile ambacho matimba na kuta vinaficha, yaani kwamba kila siku kuna mtu aliyeiona dalili.

Ukanda huu una dini nyingine isiyotajwa kwenye fomu yoyote, ya masharti na zindiko. Dhahabu ina wenyewe, husemwa. Hukimbia, hujificha, hutaka kitu. Wasomi hupenda kuicheka, nami sitaicheka, kwa sababu kuna wakati masharti yalikuwa shule ya usalama. Wasukuma walikuwa na chama cha Wanunguli, wawindaji wa nungunungu, ambao kazi yao ilikuwa kutambaa hadi ndani ya mashimo ya mnyama huyo, sehemu nyembamba na giza lisilo na tofauti na la duarani. Walikuwa na nyimbo zao, mafunzo yao na miiko yao, na mtu hakuingia shimoni kwa sababu tu amejisikia. Mwiko unaomtaka mtu asishuke akiwa amelewa au akiwa na ugomvi na mwenzake unailinda kamba vizuri kuliko bango la usalama lililoandikwa kwa lugha ya ofisini. Zaidi ya hayo, ibada humtuliza anayetetemeka, na mkono usiotetemeka hufunga fundo zuri. Pingamizi hili nalikubali nusu nzima.

Nusu ya pili ndiyo inayotisha. Kamba ikikatika na jibu likatafutwa kwenye masharti, uchunguzi huacha nyuzi na kuwageukia watu: nani alivunja mwiko, mwanamke gani alipita karibu na mdomo wa duara, nani hakuchangia kafara. Kamba inaungwa, mtu anafukuzwa, kazi inaendelea. Njia hiyo ikifuatwa mpaka mwisho inafika mahali tunapopajua. Katika mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, wachimbaji na wavuvi walitajwa miongoni mwa wateja wa waganga waliouza viungo kama dawa ya utajiri. Watafiti Bryceson, Jønsson na Sherrington walichapisha utafiti juu ya uhusiano huo mwaka 2010. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino wa Bukombe. Sisemi kwamba kila zindiko lina damu. Nasema kwamba elimu inayoweza kueleza kila kitu isipokuwa kamba iko tayari kudai chochote badala ya kamba. Makanisa yanayouza mafuta ya upako kwa ajili ya duara, kwa kiasi chake, yanapita njia hiyo hiyo na yasijidhanie yana barabara tofauti.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la umaskini. Nani anayezungumza kuhusu nanga mbili mbele ya mtu ambaye hana uhakika wa mlo wa jioni? Januari 2024, huko Ikinabushu wilayani Bariadi, jirani kabisa na Shinyanga, watu 22 walifukiwa wakafa, na viongozi walisema eneo lilikuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua. Mtu anaingia kwenye shimo lililozuiwa kwa sababu njaa haikuzuiwa. Kumwambia huyo kwamba amemjaribu Mungu ni ukatili wa mtu aliyeshiba, na kama makala haya yangekuwa yanamhukumu yeye, ningeyachana. Lakini tazama vizuri pingamizi linasimama wapi. Umaskini unamweleza anayening'inia. Haumwelezi mwenye kamba. Kwenye mgawo wa kawaida wa duara, gharama hutolewa kwanza: dizeli, baruti, miti ya matimba, chakula cha kambi, kamba. Mwenye duara hurudishiwa alichotoa, ndipo mifuko ya mawe inagawanywa kati yake, mwenye leseni na wachimbaji. Kamba ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu katika orodha hiyo, na hata hivyo huwa ya mwisho kununuliwa, kwa sababu kamba mbovu inaendelea kufanya kazi hadi dakika inapoacha, wakati kompresa isiyo na dizeli haiwaki kabisa.

Fuata dhahabu hiyo hadi mwisho uone. Machi 2019 huko Geita lilifunguliwa soko la dhahabu, la kwanza la aina yake nchini, na ni jambo jema. Mchimbaji mdogo aliyekuwa anapunjwa vichochoroni sasa anaiona mizani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ukaguzi unaolipiwa hapo ni wa dhahabu. Chembe inapimwa kwa nukta za gramu mbele ya ofisa, inaandikiwa karatasi, inatiwa muhuri. Kamba iliyoipandisha imepimwa kwa macho na watu wawili walio na haraka. Kanuni za usalama migodini zipo, na wakaguzi wapo, wachache mbele ya maelfu ya maduara. Kwa hiyo mtu akisema umaskini ndio uliokata kamba, ninamuuliza umaskini wa nani, kwa maana njiani kutoka mdomo wa duara hadi dirisha la mnunuzi kuna mikono mingi, na mmoja tu kati yao ulikuwa unaning'inia. Pingamizi la umaskini, likifuatwa kwa uaminifu, haliufuti wajibu. Linausogeza juu, kwa wale wenye uwezo wa kununua kamba.

Halafu kuna Nyangalata, wilayani Kahama, ambako hoja zote hutakiwa zinyamaze. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka likawafungia watu ndani. Nchi ikaenda kwenye uchaguzi, ikampata rais mpya, akaapishwa, na wao wakiwa bado chini wakila mizizi, mende na vyura, wakinywa maji yanayochuruzika. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Wa sita alikuwa amefariki. Atakayeita muujiza sitamkatalia. Nitaomba tu asimalize sentensi yake mapema. Mungu aliyewahifadhi kwa siku 41 hakuwafukulia njia. Njia ilifukuliwa na watu wenye sururu. Januari 2017, Geita, watu 15 walifukiwa mgodini, wakatolewa wote hai siku ya nne. Wakati huo waokoaji walipitisha bomba hadi walipokuwa, na kupitia tundu hilo dogo waliweza kuwasiliana nao. Bomba lile lilikuwa ibada iliyo wazi kuliko nyingi zilizofanyika wiki hiyo, na anayetaka kuona rehema ina umbo gani angeweza kulipima kipenyo.

Ipo hadithi mashuhuri katika Bukhari ya watu watatu waliojihifadhi pangoni, jabali likaporomoka likaziba mlango. Kila mmoja aliomba kwa kutaja tendo moja jema alilolifanya kwa ajili ya Mungu peke yake, na kila tendo likalisogeza jabali kidogo. Wa kwanza alikuwa amewatunza wazazi wake wazee. Wa pili alijizuia na zinaa. Wa tatu, ambaye dua yake ndiyo iliyomalizia kufungua mlango, alikuwa mwajiri: kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira, naye akauzalisha ujira ule hadi ukawa mifugo, na siku kibarua aliporudi akampa wote. Sijui hadithi nyingine inayopaswa kusomwa zaidi katika misikiti ya machimboni. Kilichofungua mwamba ni haki ya kibarua iliyotunzwa wakati mwenyewe hayupo kuidai. Aliyening'inia duarani naye hayupo kudai. Haki yake kwa dakika hizo chache iko kwenye kamba.

Wakristo wana kisa chao, na kinaingia kwenye ufundi kuliko chochote nilichokitaja. Nabii Yeremia alitupwa kwenye shimo lenye tope, akashushwa kwa kamba na kuachwa afe. Aliyemwombea kwa mfalme alikuwa Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika, mtumishi wa nyumba ya kifalme. Alipewa watu thelathini. Lakini kabla hajaenda shimoni alipita kwenye chumba chini ya hazina, akakusanya matambara na nguo zilizochakaa, akamteremshia nabii kwa kamba na kumwagiza aziweke makwapani, chini ya kamba, ndipo wamvute. Mwandishi angeweza kuyaruka matambara hayo. Hakuyaruka, na hakuandika kwamba Ebedmeleki aliomba dua kwanza. Aliandika kwamba mtu huyu alijiuliza kamba itagusa wapi.

Kwa hiyo ningependa shekhe au katekista anayeitwa kwenye msiba wa duarani awe na desturi moja mpya, hata kama itamchelewesha chakula na kuwakasirisha wenye magari. Kabla hajafungua kitabu, aombe iletwe kamba. Aishike mbele ya watu, aipitishe kiganjani hadi afike ilipokatikia, aonyeshe nyuzi: zipi zimekatika leo, zikiwa na ncha nyeupe, na zipi zilikatika zamani na zimeshaingia tope. Akikuta kamba imeshaungwa kwa fundo na iko kazini tangu asubuhi, aseme hivyo pia, kwa sauti ile ile atakayosomea dua.